Hatua Ishirini

Mutisya Ndululu alimpasua Nyamai mdomo siku ya soko, mbele ya watu, na sababu yenyewe ilikuwa beseni. Nyamai alikuwa anashusha beseni kubwa la bati kutoka kwenye rafu ya duka lake, likamponyoka, likaanguka kwenye sakafu ya saruji nyuma ya mgongo wa Mutisya. Kabla mlio haujaisha Mutisya alikuwa ameshageuka, amemkaba shingo na kumpiga ngumi mbili. Ya tatu ilibaki hewani kwa sababu sasa alimwona vizuri: mtu mnene wa makamo, jirani aliyesoma naye darasa moja, damu ikimchuruzika kidevuni.

"Mimi nimekufanya nini?" Nyamai aliuliza.

Watu wa kijiji cha Kwa Ngwili walijaa mlangoni. Mmoja akapaza sauti, "Soja ameona adui kwa masufuria!" Kicheko kikaenda hadi stendi ya bodaboda.

Siku tatu baadaye naibu wa chifu aliita mkutano ili Mutisya aombe msamaha. Alisimama mbele ya watu kifua mbele, mikono imenyooka ubavuni, na hata hakujua kwamba amesimama hivyo mpaka aliposikia wasichana wakichekea nyuma ya leso zao. Alisema amekosa. Nyamai, mdomo umeshonwa nyuzi tatu, alijibu kwamba amemsamehe mbele ya Mungu. Kisha akaongeza, "Lakini asiingie kwa duka yangu. Akitaka kitu atume bibi yake."

Jioni hiyo Nzisa, mke wa Mutisya, alimwekea chakula akakaa kando.

"Baba Kasiva, ungemuua yule mtu."

"Nilisikia mlio."

"Ilikuwa beseni."

"Najua ilikuwa beseni, Mama Kasiva. Nimejua baadaye."

Mutisya alikuwa na miezi tisa tangu atoke jeshini, baada ya miaka kumi na saba. Alirudi na sikio la kushoto ambalo halikusikia, na vipande vitatu vya chuma ndani ya nyonga ambavyo daktari alisema viachwe hapo hapo. Kanisani walimpa kazi ya kuelekeza watu mahali pa kuegesha pikipiki. Kwenye hoteli, akivuta kiti, wanaume walibadilisha mazungumzo wakaanza kuongea juu ya mvua. Hakutamani bunduki, wala Somalia. Kitu kilichomkosesha usingizi ni watu: wale ambao hukuwa na haja ya kuwaeleza kitu.

*

Alimpata Mbuvi katika mji mdogo wa Salama, kando ya barabara kuu, akila mahindi ya kuchoma.

"Koplo wangu!" Mbuvi alitupa gunzi akamkumbatia katikati ya njia, malori yakiwapigia honi. Huyu ndiye aliyemvuta Mutisya kutoka kwenye gari lililokuwa linawaka, siku ya bomu la barabarani, akamburuta kwa kola mpaka nyuma ya ukuta huku shati lake mwenyewe likishika moto. Walikuwa hawajaonana kwa miaka miwili.

Mbuvi alimpeleka kwenye chumba nyuma ya gereji. Ndani mlikuwa na wanaume wanne, watatu wanajeshi wa zamani na mmoja aliyekuwa askari jela, wamezunguka sufuria moja ya ugali. Walisogea bila kuambiwa. Mutisya alikuwa amemega tonge la pili wakati tairi la lori lilipopasuka huko barabarani. Wote sita walilala chini kwa pamoja. Ugali ukamwagika. Walitazamana kutoka sakafuni, mashavu kwenye vumbi, kisha mmoja akaanza kucheka, na wote wakacheka mpaka wakatoa machozi. Mutisya ndiye aliyechelewa kunyamaza, na Mbuvi aliona kwamba yale machozi yake hayakuwa ya kicheko tena. Alimpangusia vumbi kwenye bega.

"Kazi ni gani hapa?" Mutisya aliuliza baadaye.

"Kulinda malori ya tajiri mmoja, Muli. Yanabeba mchanga."

"Mchanga wa wapi?"

"Wa mto. Sasa wewe unauliza kama polisi."

Mutisya hakuuliza tena. Kwa miezi miwili alisimama kwenye kingo za mito ya mbali huku wapakiaji wakichimba, na wanakijiji wakiwatazama kutoka juu ya vilima bila kuthubutu kushuka. Nyumbani alisema analinda yadi ya tajiri fulani. Alianza kulala usiku kucha. Akaanza kuimba akioga. Nzisa alimsikia akamshukuru Mungu, kwa kuwa hakujua anashukuru kwa sababu gani.

*

Mto wa Kwa Ngwili hauna maji ya kuonekana isipokuwa siku chache za mvua. Maji yake yamelala ndani ya mchanga. Mwanamke anachimba kwa kata, anangoja kidogo, anateka. Kule chini, ambako malori yalipita mwaka uliotangulia, mchanga ulikuwa umekwisha na mwamba ukabaki wazi, na wanawake wa huko walitoka nyumbani alfajiri wakarudi na mtungi mmoja jua likiwa utosini. Kwa hiyo wanawake wa Kwa Ngwili walifanya kikundi, wakapanga mawe barabarani, wakapeana zamu za kulinda. Mwenyekiti wao alikuwa Mwongeli, mjane wa miaka sitini na ushee, ambaye alimwambia kila mtu kila kitu usoni, mchungaji akiwemo.

"Wewe ulikuwa soja," Nzisa alimwambia mumewe wakila. "Si utufundishe vile watu hulinda mahali? Sisi tuna filimbi tu."

"Polisi ndio kazi yao hiyo."

"Polisi wako mbali. Wewe uko hapa."

Mutisya aliinamia sahani. Nzisa akaondoa vyombo kabla hajamaliza kula.

Siku ya Ijumaa, Mbuvi alitangaza kazi inayofuata. Jumapili, saa tatu asubuhi, Kwa Ngwili. Watu watakuwa kanisani.

"Pale ni kwetu," Mutisya alisema.

"Ndiyo maana tunakutaka. Watu wako watakusikia."

"Watu wangu hawanisikii hata nikiwasalimia. Mbuvi, bibi yangu anateka maji pale."

Wale wengine waliacha kula. Mbuvi alimshika mkono akamtoa nje.

"Sikiliza, afande. Ni malori mawili, masaa mawili, tunatoka. Kama kuna watu, ni kusukuma kidogo tu. Nikimwambia Muli wewe umekataa, atafukuza sisi wote, hawa watarudi nyumbani kukaa gizani na kupiga watoto wao. Unataka hivyo?" Kisha akasema kwa sauti ya chini, "Mimi sijawahi kukuomba kitu."

Ilikuwa kweli. Hakuwahi kumwomba kitu. Mutisya alikubali, akijiambia kwamba ibada ya Jumapili huisha saa saba.

*

Kwa bahati mbaya ya Mutisya, Mwongeli hakuwa kanisani. Ilikuwa zamu yake. Lori la kwanza liliposukuma mawe kando, filimbi yake ililia hadi madhabahuni, na kanisa likamwagika. Wanawake walishuka kilima wakikimbia na vitambaa vyao vyeupe vya kichwani, wengine bado wameshika Biblia. Wanaume walifuata na fimbo na mapanga waliyopitia nyumbani.

Wapakiaji waliacha sepetu zao chini. Walinzi sita walijipanga mbele ya malori, rungu mkononi, panga kiunoni. Muli alibaki ndani ya gari lake dogo, kioo kimefungwa nusu. Mutisya alikuwa wa mwisho kushoto, amevaa jaketi lake la zamani la jeshi. Alimwona Nzisa kabla Nzisa hajamwona.

"Baba Kasiva?"

Kelele zikakatika. Watu mia moja na zaidi wakamgeukia.

"Kumbe hii ndiyo yadi," Mwongeli alisema.

Nzisa hakulia wala hakutukana. Alivua viatu vyake vya kanisani, akavipanga pembeni kama mtu anayeingia nyumba ya wageni, akatembea juu ya mchanga mpaka kwenye gurudumu la mbele la lori. Akasimama hapo, mgongo ukigusa bampa.

"Waambie wanikanyage basi. Si ndiyo kazi umeandikwa?"

"Mutisya, toa mke wako hapo," Mbuvi alisema bila kumtazama.

"Mama Kasiva, tafadhali..."

"Usiniite."

Muli alitoa kichwa dirishani. "Mnangoja nini? Nimewaleta hapa mfanye harusi?"

Mbuvi alikwenda. Labda alikusudia kumsukuma tu, kama alivyosema. Lakini Mwongeli aliingia katikati, mkono juu, na rungu lilikuwa limeshatoka. Mkono wa yule mama ulivunjika kwa mlio uliosikika ng'ambo ya pili ya mto. Aliketi chini kwenye mchanga akautazama mkono wake ulivyopinda mahali pasipo na kiungo.

Baada ya hapo hakuna aliyekuwa anamsikia mwenzake. Mawe yalianza kuruka. Kioo cha lori kilipasuka, dereva akaruka nje uso umejaa damu. Nyamai, ambaye maisha yake yote hakuwahi kupigana na mtu, alitoka kwenye umati na panga la kukatia nyasi akimlenga Mbuvi. Yule askari jela wa zamani alimwahi. Alimkata mara moja tu, juu ya paja, karibu na nyonga. Nyamai alipiga hatua mbili nyingine kabla ya kuanguka.

Mbuvi aligeuka. Jiwe lilikuwa limempasua kipaji cha uso na haikuonekana kama aliona vizuri. Mbele yake alikuwa Nzisa, amemwinamia Mwongeli. Aliinua rungu kwa mikono miwili.

Mutisya aliokota sepetu akampiga gotini. Alipiga kwa nguvu zake zote, kwa ubavu wa chuma, kama alivyofundishwa kumwangusha mtu asiinuke. Goti likakatika kwa upande. Mbuvi alianguka akamtazama, na hapakuwa na hasira kwenye ule uso, bali mshangao tu, kama mtu aliyeitwa kwa jina lisilo lake.

Damu ya Nyamai ilikuwa inaruka. Mutisya alijua ile rangi na ule mruko. Alipiga magoti, akavua mshipi, lakini jeraha lilikuwa juu mno na mshipi haukupata pa kushika. Akaingiza ngumi ndani ya jeraha, akaweka mkono wa pili juu yake, akalalia kwa uzito wake wote. Damu ikapungua.

"Unaniua," Nyamai alisema.

"Nyamaza. Pumua."

Walinzi wenzake ndio waliomfikia kwanza. Walimpiga mateke ya mbavu wakimwita msaliti, na mmoja, aliyelala naye chini siku ya tairi, alimvunjia rungu mgongoni. Hakuinuka. Kisha Muli aliwasha gari akaondoka kwa kasi, lori moja likamfuata, na walinzi wakakimbia kulidandia. Lori la pili halikuwaka. Ndipo wanakijiji wakamfikia. Waliona jaketi la jeshi juu ya mwili wa Nyamai, na mawe yakaanza kumwangukia. Moja lilimpata nyuma ya sikio zima, akasikia mvumo tu.

Nzisa alimrukia mgongoni akamfunika. "Muacheni! Anamzuia damu! Hamuoni? Akitoa mkono Nyamai anakufa!"

Waliona. Mawe yakaacha. Watu wakasimama wakihema, fimbo mkononi, na hasira yote waliyokuja nayo ilikuwa bado haijapata mahali pa kutua. Mmoja akasema, "Yule mwingine yuko pale."

Mbuvi alikuwa anatambaa kuelekea kichakani, akiburuta mguu. Kutoka mahali alipopiga magoti Mutisya palikuwa kama hatua ishirini.

"Mama Kasiva, nenda! Waambie wamwache!"

Nzisa alikimbia. Alishika mikono ya watu aliowajua, akawaita kwa majina ya watoto wao. Mtu alimsukuma akaanguka, akainuka, akasukumwa tena.

"Koplo!" Mbuvi aliita. "Koplo wangu!"

Mutisya alijaribu. Alilegeza mkono mmoja tu, ili asimame, na damu ikaruka mpaka kwenye mashavu yake. Macho ya Nyamai yakageuka meupe. Akarudisha mkono. Akapiga kelele waache, akawalaani, akawaomba kwa jina la Mungu waliyetoka kumwabudu, na sauti yake ikapotea ndani ya sauti zao. Jiwe likigonga mtu hutoa mlio mzito, si kama likigonga jiwe. Aliuhesabu bila kutaka.

"Mutisya!"

Hilo lilikuwa neno lake la mwisho. Aliinamisha kichwa juu ya kifua cha Nyamai na akabaki hapo, mikono imezama, wakati watu wakilichoma lori na moshi mweusi ukipita juu ya mto.

*

Gari la wagonjwa lilipofika, mhudumu alilazimika kumbandua vidole kimoja kimoja. Polisi walimchukua. Alikaa ndani siku mbili, mpaka Nzisa na Mwongeli walipoandikisha maelezo yao, na Nyamai akaandikisha yake akiwa kitandani. Polisi walimwachilia akiwa na mbavu tatu zilizovunjika, wakamwambia asiende mbali. Muli hakupatikana. Kuhusu kifo cha Mbuvi, kila aliyeulizwa alisema alikuwa nyuma, hakuona.

Nyumbani alikuta watu. Wanaume wa hoteli walikuwa wamekaa kwenye ua wake, wamejaza viti. Mmoja alikuwa ametengeneza mlango wa zizi. Mke wa Nyamai alileta kuku, akapiga magoti kumshukuru. Walimwita ndugu. Walisogea wampe nafasi, na hakuna aliyeongea juu ya mvua.

Mutisya alibaki amesimama.

"Nani alimpiga jiwe?" aliuliza.

Wakainamia vikombe vyao.

"Sitaki kumpeleka mtu polisi. Nataka tu kujua ninakaa na nani. Yule alinitoa kwa moto. Nani alimpiga?"

Mzee mmoja wa kanisa alianza kusema kwamba ilikuwa ghadhabu ya watu wengi. Kijana mmoja aliweka kikombe chini, akainuka, akatoka uani bila kuaga. Wa pili akamfuata. Wa tatu, Musyimi, ambaye ni mdogo wake Nyamai, hakutoka. Alitazama viganja vyake.

"Mimi nilipiga," alisema. "Nilidhani ndugu yangu amekufa. Nilipiga mawili."

Mutisya alimtazama kwa muda mrefu hata Nzisa akasogea karibu. Kisha akavuta kiti akaketi kando yake. Chai ikapoa mbele yao wote wawili.

*

Mazishi ya Mbuvi yalikuwa Kitui, kupita mji mdogo wa Mutomo. Mutisya alikusudia kwenda peke yake. Nzisa alikuwa hajampa neno lolote la msamaha, na usiku alilala upande wa ukuta, lakini asubuhi hiyo Mutisya alimkuta ameshavaa kwa safari.

"Wewe kaa," alimwambia. "Huko watatufukuza."

"Ulinidanganya miezi miwili," Nzisa alisema. "Hiyo tutaongea, na tutaongea sana. Lakini mtu huyo aliita, na mimi pia nilimsikia."

Barabarani walimkuta Mwongeli, mkono umefungwa plasta, amekaa juu ya gunia la maharagwe ya matanga. Wanawake wanne wa kikundi walikuwa naye. Musyimi alikuwa amesimama mbali kidogo, amevaa koti la kanisani.

"Yeye ndiye alinivunja," Mwongeli alisema kabla hajaulizwa. "Kama mimi nimeweza kwenda, nani atashindwa? Panda gari."

Nyumbani kwa Mbuvi palikuwa na watu wachache. Habari ilikuwa imetangulia kwamba marehemu aliuawa kama mwizi, na majirani waliogopa au waliona haya. Wale wanne wa chumba cha gereji hawakuja. Muli hakutuma hata salamu. Jeneza lilikuwa limewekwa juu ya viti viwili, na kaburi lilikuwa bondeni, njia ya mawe na miiba.

Kanyiva, mjane wa Mbuvi, alikuwa mwanamke mwembamba mwenye sauti kavu. Alimtambua Mutisya kwa picha.

"Wewe ndiye koplo wake."

"Ndiyo, mama."

"Ulikuwa wapi?"

Alikuwa ameandaa maneno njiani, na yote yakampotea. "Nilikuwa karibu. Hatua ishirini."

"Alikuita?"

"Aliniita mara tatu. Nilikuwa nimeshika mtu mwingine, damu yake ilikuwa inatoka. Na mguu wa Mbuvi, mama, ni mimi nilimvunja. Alikuwa anataka kumpiga mke wangu. Hangeweza kukimbia tena."

Kanyiva alimpiga kofi. Akampiga la pili upande wa sikio lisilosikia, na la tatu, na Mutisya akasimama bila kuinua mkono. Nzisa hakumvuta. Alisimama bega kwa bega naye mpaka mikono ya yule mwanamke ikachoka.

"Na hawa?" Kanyiva aliuliza akihema. "Wamekuja kuona nini?"

"Hawa ni watu wa kwetu," Mutisya alisema. "Kuna aliyevunjwa mkono na yeye. Na kuna aliyemrushia mawe."

Musyimi alivua kofia. Akasogea mbele, mahali ambapo wote wangemwona. Ndugu wa pekee wa marehemu, mzee aliyetembea kwa mkongojo, alipiga hatua kumwelekea, na kwa muda ilionekana kwamba damu nyingine ingemwagika hapo hapo kando ya jeneza.

Kanyiva aliwatazama wote. Akatazama njia ya kaburini. Akatazama majirani zake waliosimama mbali, kando ya ua.

"Mimi sijawasamehe," alisema. "Nisikilizeni vizuri. Sijawasamehe. Lakini sina watu wa kumbeba."

Mutisya alishika upande wa kichwa. Musyimi alishika upande wa pili, na nyuma yao wakaingia wanawake wa kikundi, Nzisa katikati. Mwongeli alitia bega lake zima chini ya ubao. Kanyiva aliwatazama mpaka walipoinua, kisha akasogea akashika mahali palipobaki, miguuni.

Isipokuwa Mutisya, hakuna kati yao aliyejua kutembea kwa mpigo mmoja. Mbavu za Mutisya zilimchoma kila alipovuta pumzi. Walishuka wakikanyagana visigino, mmoja akiteleza, mwingine akisema ngoja, ngoja kidogo, wakasimama mara tatu kubadilisha mabega. Jeneza liliyumba njia nzima, lakini halikuanguka.